SHULE NA NYUMBANI: Nguo Ikipungua, Masomo Yasipungue

Katika mambo yanayoleta maneno mengi baina ya wazazi, walimu na vijana, huenda hakuna lililo dogo kwa sura na kubwa kwa matokeo kama nguo ya shule. Kila mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, habari huwa ni zile zile. Sweta si ya rangi iliyoagizwa. Sketi imepanda juu ya goti. Suruali imebanwa hata mvaaji hawezi kuinama kuokota kalamu. Viatu ni vyeusi, lakini vina mstari mweupe pembeni. Mwalimu wa zamu husimama langoni akitenga wanafunzi: walio sawa huingia darasani, wasio sawa hurudi walikotoka. Jambo hili lataka kufikiriwa kwa makini, kwa maana lango lile lile linalomfunza kijana adabu laweza pia kumfungia njia ya maisha yake.

Na tuanze na Zombe, mashariki ya mji wa Kitui, mahali ambapo jambo hili laonekana waziwazi. Nchi ile ni kavu, na udongo wake ni mwekundu. Mvua ni za misimu miwili: ile ya Oktoba hata Desemba, ambayo ndiyo inayotegemewa, na ile ya Machi hata Mei, ambayo mara nyingi huahidi kisha isitimize. Zao linaloleta fedha ni ndengu, na Kitui ni mojawapo ya sehemu zinazotoa ndengu nyingi kabisa katika Kenya. Sasa msomaji aliye mkulima na ahesabu mwenyewe. Ndengu zinazopandwa kwa mvua za mwisho wa mwaka huvunwa Januari na Februari. Shule hufunguliwa mwanzo wa Januari. Basi siku ile mzazi anapotakiwa kununua shati, sketi, sweta, soksi na viatu, mali yake ingali shambani ndani ya maganda. Na huyo aliyewahi kuvuna hana nafuu kubwa, kwa kuwa majirani zake wote wanauza wiki ile ile, na mnunuzi anajua vyema ya kuwa wana haja ya fedha.

Hiyo ni habari ya mwaka mwema. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hata mwanzo wa 2023, mvua za misimu mitano mfululizo zilipungua au kukosa kabisa katika sehemu nyingi kavu za Kenya. Aliyekuwa na mbuzi wanne alibaki na wawili. Mwaka kama huo, sweta mpya si jambo dogo hata kidogo.

Tena kuna shauri la maji. Shule nyingi zimechagua shati jeupe, nalo ni zuri kweli kweli kulitazama asubuhi ya Jumatatu. Lakini shati jeupe hutaka kufuliwa mara kwa mara, na mahali ambapo maji huletwa kwa mitungi juu ya punda, kutoka katika visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mto, kila ndoo ina kazi yake kabla ya shati: kuna ugali, kuna mtoto mchanga, kuna ndama. Mwanafunzi anayekwenda kwa miguu katika vumbi jekundu hufika shuleni na kola isiyo nyeupe tena, naye akaitwa mchafu. Si mchafu. Amepewa rangi isiyopatana na nchi yake.

Inafaa hapa kukumbuka asili ya desturi hii ya sare. Mwaka 1552 ilianzishwa katika mji wa London shule iliyoitwa Christ's Hospital, kwa ajili ya watoto maskini na wasio na baba. Watoto hao walivikwa makoti marefu ya buluu na soksi za manjano, na wanafunzi wa shule hiyo wanavaa vivyo hivyo hata leo. Nguo ile haikuwa alama ya fahari. Ilikuwa sadaka, ili mtoto asiye na kitu apate kusitirika. Nayo kaki, iliyovaliwa kwa kaptula katika shule nyingi za misheni na za Serikali hapa Kenya, jina lake latoka katika lugha za Bara Hindi, na maana yake ni rangi ya vumbi. Waliochagua kaki walijua wanakokaa.

Sababu ya sare, kwa hiyo, ni njema, wala hakuna haja ya kuipinga. Mtoto wa karani na mtoto wa mchunga mbuzi wakikaa benchi moja katika nguo ya namna moja, hakuna atakayejua ni nani aliyekula asubuhi na ni nani asiyekula. Njiani, mtu mzima akiona sare hujua huyu ni mwanafunzi, naye humlinda au humwuliza kwa nini yuko sokoni saa nne. Sare pia huokoa fedha, kwa kuwa kijana mwenye nguo moja ya shule hahitaji nguo tano za kushindana na wenzake. Lakini kitu kilichobuniwa ili kumwingiza maskini darasani kikianza kumtoa, hakika kimegeuzwa juu chini.

Wako watakaosema ya kuwa taabu kubwa si umaskini bali ni ujeuri wa vijana. Neno hili lina ukweli ndani yake. Kijana wa miaka kumi na sita anataka kuonekana. Msichana humwendea fundi kwa siri akapunguza sketi, na mvulana hubanisha suruali hata ikawa kama ngozi ya pili. Wala jambo hili si la kizazi hiki tu. Mwezi wa Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU katika Tanzania ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudiwa kuanza siku ya kwanza ya Januari 1969, ili kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Wasichana waliokatazwa siku zile sasa ni mabibi wenye wajukuu, na pengine ndio wanaolalamika zaidi juu ya sketi za wajukuu wao.

Hata Ukambani umekuwa na sehemu yake katika ubishi huu. Mwaka 2012 wanafunzi wa shule moja ya wasichana huko Murang'a waligoma kwa sababu ya sketi zao ndefu. Waziri wa Elimu wakati ule alikuwa Mutula Kilonzo, Mbunge wa Mbooni katika Makueni, naye aliwaunga mkono wasichana, akisema ya kuwa hakuna haja ya kuwavika wanafunzi kama watawa wa kanisa. Walimu wengi na viongozi wa dini hawakupendezwa na maneno hayo. Waziri huyo alifariki Aprili 2013, lakini swali lake limebaki: je, urefu wa sketi ukubaliwe na nani? Ikiwa msichana hakuulizwa neno, ataishika sheria mbele ya mwalimu tu, na akivuka mto ataikunja sketi kiunoni. Ikiwa aliulizwa, akasema, akasikilizwa, basi sheria ni yake pia, na mwenye kuivunja atakemewa na wenzake kabla mwalimu hajamwona.

Ugumu wenyewe ni huu, nao ndio kiini cha habari hii: umaskini na ujeuri, vikisimama langoni, hufanana sura. Msichana aliyepunguza sketi kwa fundi na msichana aliyerefuka mwenyewe tangu mwaka jana wote wawili wana sketi iliyo juu ya goti. Mvulana aliyebanisha suruali na mvulana ambaye suruali yake ilinunuliwa alipokuwa na miaka kumi na mitatu wote wawili wamebanwa. Umri wa sekondari ndio umri wa kurefuka. Mwili hukua bila kungoja ndengu ziuzwe. Mwalimu anayehukumu kwa macho tu hataweza kuwatambua, na mara nyingi atamrudisha nyumbani yule ambaye nyumbani hakuna dawa ya kosa lake.

Chukua mfano wa msichana wa sekondari ya kutwa ambaye kwao ni mwendo wa saa mbili kutoka shuleni. Amefika saa moja na nusu, akarudishwa kwa sababu sweta yake ya buluu si ile buluu iliyoagizwa. Saa tatu na nusu yuko nyumbani. Baba yumo katika kazi ya kibarua mjini, mama yuko shambani. Fedha hazipo leo, wala kesho hazitakuwapo. Siku ya kwanza atachota maji. Siku ya pili atachunga. Wiki ya pili somo la hesabu limekwenda mbele naye hajui lilikofika, na aibu ya kurudi imekuwa kubwa kuliko aibu ya sweta. Kisha hujitokeza kijana mwenye pikipiki na maneno matamu. Wazazi wanaposema baadaye ya kuwa binti yao aliacha shule kwa sababu ya mimba, hukumbuka mwisho wa habari wakasahau mwanzo wake. Kwa mvulana nako njia si tofauti sana: huanza kwa kupakia mchanga kwenye lori siku mbili ili apate fedha za viatu, akaonja shilingi, akasahau kalamu.

Jambo hili halikuachwa kuwa maneno ya barazani tu, bali limepimwa hapa hapa Kenya. Kuanzia mwaka 2003, wachunguzi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 328 za magharibi ya Kenya. Katika baadhi ya shule hizo, zilizochaguliwa kwa kura, wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bure. Katika nyingine, wazazi waliendelea kununua kama desturi. Baada ya miaka mitatu ilionekana ya kuwa mahali ambapo sare zilitolewa, idadi ya walioacha shule, wavulana kwa wasichana, ilipungua kwa karibu sehemu moja katika sita, na wasichana waliozaa wangali wadogo walipungua kwa kadiri hiyo hiyo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Hawakupewa mahubiri wala fedha nyingi. Walipewa kitambaa kilichoshonwa. Anayesema nguo ni jambo dogo na aitazame hesabu hiyo.

Sasa na itazamwe sheria. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, yasema ya kuwa kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Ada ya masomo katika shule za msingi za Serikali iliondolewa Januari 2003, na mwaka 2018 Serikali ilipanga kutoa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Fedha hizo, hata zikifika zote kwa wakati, hazimshonei mtoto shati. Mzigo wa nguo umebaki begani mwa mzazi. Kiboko nacho kiliondolewa shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumpiga au kumtesa mwanafunzi rohoni. Mwenye kuvunja kifungu hicho aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi laki moja, au kufungwa kifungo kisichozidi miezi sita, au yote mawili. Walimu wengine husema, basi wamebakiwa na silaha gani ila kumrudisha mtoto nyumbani? Swali ni la haki, kwa kuwa mwalimu aliyeachiwa wanafunzi mia saba bila sheria yoyote hawezi kufundisha. Lakini kumnyima mtoto somo ni adhabu nzito kuliko fimbo sita. Maumivu ya fimbo huisha jioni. Somo la algebra lililopotea hudaiwa hata siku ya mtihani.

Mabaraza ya hukumu pia yamegusa shauri la mavazi, hasa pale dini inapohusika. Wazazi Waislamu wa shule moja ya Isiolo, iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, walitaka binti zao waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Mahakama Kuu ilikataa mwaka 2015. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilikubali, ikaiagiza bodi ya shule ikae na wazazi na wengine wanaohusika ili sheria za sare zirekebishwe. Januari 2019 Mahakama ya Juu iliitangua hukumu hiyo kwa sababu ya namna dai lilivyoletwa mahakamani. Mwaka huo huo, Septemba 2019, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua ya kuwa shule moja ya Kibra haikuwa na haki kumfukuza msichana wa imani ya Rastafari kwa ajili ya nywele zake. Kesi ya Isiolo ilipita mahakama tatu kwa muda wa miaka mingi, na msichana anayengoja hukumu humaliza shule kabla ya majaji kumaliza kusoma. Agizo la Mahakama ya Rufani, la watu kukaa na kushauriana, lingeweza kutimizwa chini ya mwembe kwa alasiri moja.

Basi yafaa nini kufanywa katika mahali kama Zombe? Hayapo mambo ya ajabu. Yapo mambo ya kawaida yanayotaka watu wenye nia.

Kwanza, kosa la nguo lisitoke nje ya uzio wa shule. Kijana aulizwe kwanza, faraghani, wala si mbele ya gwaride. Aliyebanisha suruali kwa makusudi na akabidhiwe wembe, sindano na uzi, aifumue mwenyewe saa ya mapumziko. Adhabu hiyo yamfunza kazi, wala haimwachishi somo. Asiye na uwezo na aandikwe katika daftari la mwalimu mkuu, apewe muda hata mavuno yauzwe, na aingie darasani siku ile ile.

Pili, kila shule iwe na sanduku la nguo. Wanaomaliza Desemba huondoka na sweta na sketi ambazo hawatazivaa tena. Wakiziacha zikafuliwa na kurekebishwa, Januari zitawasitiri wengine. Zitolewe kimya kimya, kwa maana nguo ya msaada ikitangazwa humvua mtu heshima kuliko kukosa nguo.

Tatu, bodi ya shule ichague nguo kwa kutazama mfuko wa mzazi, udongo na maji. Rangi ya kaki au ya kahawia huvumilia vumbi kuliko nyeupe. Rangi ya kawaida inayopatikana kwa kila mwenye duka ni bora kuliko rangi ya pekee inayouzwa na mtu mmoja tu. Wizara ya Elimu imeonya zaidi ya mara moja dhidi ya kumlazimisha mzazi kununua katika duka moja lililochaguliwa na shule, na onyo hilo lina sababu: mahali palipo na muuzaji mmoja, bei haina rafiki. Shule na itangaze rangi na mshono, kisha fundi wa sokoni mwenye cherehani yake apate kazi. Kitui si nchi isiyojua kushona. Mwaka 2018, chini ya Gavana Charity Ngilu, Kaunti ilianzisha kiwanda cha nguo cha KICOTEC, na Aprili 2020, maradhi ya Korona yalipoingia, cherehani zake zilishona barakoa kwa maelfu kila siku. Mikono iliyoweza kazi hiyo haitashindwa na sketi ya marinda.

Nne, wazazi nao wasitupe mzigo wote kwa mwalimu. Mzazi anayenunua nguo ya kijana na anunue kwa akili: upindo wa vidole vinne katika sketi na suruali waweza kuteremshwa mwaka wa pili na kuokoa bei ya nguo mpya. Ndengu debe moja zikiwekwa kando tangu mavuno ya mwaka uliopita, kwa ajili ya Januari tu, huondoa fedheha nyingi. Na mzazi anayemwona binti yake akitoka asubuhi kwa sketi iliyokunjwa kiunoni asingoje mwalimu aseme. Samaki mkunje angali mbichi, nao mkono wa kwanza wa kumkunja ni wa nyumbani.

Tano, vijana wenyewe waingizwe katika shauri. Viranja na wawakilishi wa kila darasa waketi pamoja na bodi sheria za mavazi zinapoandikwa, nao wapewe kujibu maswali mawili: nguo gani inawawezesha kukaa, kukimbia na kufanya kazi bila haya, na nguo gani wazazi wao wanaweza kuinunua. Kijana anayependa kujipamba na aambiwe kweli, ya kuwa kupenda kupendeza si dhambi, lakini kila vazi lina mahali pake. Fundi huvaa aproni, askari huvaa kofia ya chuma, mwuguzi huvaa nguo ya kazi. Sare ni nguo ya kazi ya mwanafunzi, na kazi yake ni kujifunza.

Sheria bila huruma huvunja, na huruma bila sheria huharibu. Shule njema hushika zote mbili kwa mkono mmoja. Inaweza kusema kwa sauti thabiti ya kuwa sketi iwe chini ya goti, na katika pumzi ile ile ikamwambia mtoto ambaye sketi yake haijafika: ingia, keti, fungua daftari, sketi tutaishughulikia saa sita. Mwalimu atakayefanya hivyo hatakuwa amelegeza adabu. Atakuwa amemfunza mtoto ya kuwa sheria zilitungwa kwa ajili ya watu, na mtoto aliyefunzwa hivyo atazitii hata mwalimu asipokuwapo.

Januari ijayo malango yatafunguliwa tena, na ndengu zitakuwa zingali shambani. Wazazi na walimu wa Zombe, na wa kila mahali panapofanana na Zombe, wana miezi ya kutosha kuketi na kukubaliana kabla ya siku hiyo kufika.